Bei Moja kwa Nchi Nzima

Katika siku za mwanzo za kila mwezi Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Tanzania hutangaza tarakimu moja yenye nukta katikati, iitwayo mfumuko wa bei wa taifa. Na mara itangazwapo, mwenye duka wa Kigoma, mvuvi wa Mafia na mama lishe wa Mbeya huisikia kwa saa moja, kila mtu akailinganisha na kilichomo mfukoni mwake, na aghalabu kila mtu akaona kuwa habari hiyo ni ya watu wengine. Wapo wasemao kuwa tarakimu hiyo ni uongo uliopambwa, nami si miongoni mwao. Hesabu zake hufanywa kwa kanuni zinazojulikana, na wanaozifanya ni watu wanaotembea masokoni kwa miguu yao wakiuliza na kuandika. Taabu yake ni nyingine: ni kweli ya soko lisilokuwapo, maana hakuna soko liitwalo Taifa ambamo mtu aweza kuingia na kikapu akanunua nyanya. Tamaa ya kuwa na bei moja itakayosema kwa niaba ya nchi nzima ni ngeni katika pwani na bara yetu, na safari iliyotufikisha kwenye tamaa hiyo, ikapita katika pishi na ushanga, rupia na shilingi, foleni na magendo, yastahili kusimuliwa kwa utaratibu.

Wazee wa pwani hawakuijua bei ya nchi nzima, wala hawakuihitaji. Nafaka kwao ilipimwa kwa ujazo: vibaba viwili vilifanya kisaga, vibaba vinne vilifanya pishi, na pishi 60 zilifanya jizla moja, ilhali pembe, karafuu na sandarusi zilipimwa kwa frasila, ambayo ni ratili 35 au karibu ya hapo. Pishi ya mji mmoja haikuwa lazima iwe sawa na pishi ya mji wa pili, na hata ndani ya mji mmoja palikuwa na kibaba cha tele, kilichorundikwa mpaka nafaka ikamwagika pembeni, na kibaba cha mfuto, ambacho muuzaji alipitisha kijiti juu ya mdomo wake, ziada yote ikarudi katika pakacha. Baina ya vibaba viwili hivyo bei ilipanda na kushuka pasipo mtu kutamka neno, kwa kuwa siku ya neema muuzaji alirundika, siku ya dhiki alifuta, na pesa iliyotolewa ikawa ni ile ile. Mtakwimu wa leo, aonapo mche wa sabuni umepunguzwa uzito na bei yake ikaachwa kama ilivyokuwa, huandika katika daftari yake kuwa bei imepanda. Muuza mtama wa Lamu au wa Mvita aliijua hila hiyo kabla ya daftari hizo kuzaliwa, na mnunuzi wake, ambaye jicho lake halikubanduka kwenye kijiti, aliijua vile vile.

Mabadiliko ya bei ya mwezi kwa mwezi, ambayo twayadhani kuwa ni elimu ya ofisini, yalikuwa yakisomwa na watu wa pwani katika upepo. Kaskazi ilipovuma, tangu mwishoni mwa mwaka hata mwezi wa Machi, majahazi ya Uarabuni, ya Ghuba na ya Kachi yalitia nanga Unguja, Mombasa na Lamu yakileta tende, chumvi, samaki wakavu na mazulia. Na kusi ilipoanza, yakatweka tanga kurudi makwao na boriti za mikoko, nafaka, pembe na karafuu. Tende, kwa hivyo, ilikuwa rahisi wakati wa kaskazi, ikaongezeka thamani kadiri miezi ilivyokwenda na shehena ilivyopungua ghalani, na boriti ilitafutwa sana katika zile wiki ambazo manahodha walikuwa wakijaza vyombo vyao. Juu ya upepo ilikuwako mvua: masika yalipochelewa, mtu hakuhitaji kungoja mavuno yaharibike ndipo aone mtama umepanda, kwa sababu mwenye ghala naye alikuwa akiyatazama mawingu.

Pamoja na upepo na mvua lazima tuutaje mwezi wa Ramadhani, ambao hata leo humsumbua mtakwimu. Ndizi, mihogo, viazi vitamu, nazi, tende na sukari hutakiwa kwa wingi jioni zake zote, na bei zake hupanda Unguja, Pemba, Tanga na Mombasa kwa kadiri isiyosikika kabisa Sumbawanga au Musoma. Mwezi huo hufuata mwandamo, nao hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja katika kila mwaka wa jua. Hesabu ya mfumuko, kwa desturi yake, hulinganisha mwezi wa mwaka huu na mwezi wenye jina hilo hilo wa mwaka jana. Basi hutokea mtu akalinganisha Aprili yenye saumu na Aprili isiyokuwa na saumu, akaona bei zimetulia au zimefumuka, ilhali kilichobadilika ni kalenda. Hilo halionekani katika tarakimu ya nchi nzima, kwa kuwa mikoa mingine huizimisha, lakini katika hesabu ya Zanzibar peke yake huonekana waziwazi.

Huko bara bei ilikuwa na sultani wake mwingine, naye ni umbali. Wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walipoondoka pwani mwaka 1857 kuelekea Kazeh, ambayo ndiyo Tabora ya leo, na baadaye Ujiji, walisafiri katika njia ambayo Waarabu, Waswahili na Wanyamwezi walikuwa wameizoea zamani, nao walilazimika kujifunza hesabu ambayo kila mpagazi aliijua. Nguo ya merikani ilipimwa kwa shuka na kwa doti, doti moja ikiwa shuka mbili, yaani mikono minane. Ushanga ulipimwa kwa kete, na kete kumi zilifanya fundo. Nguo hiyo hiyo, iliyokuwa rahisi forodhani Unguja, ilipanda thamani kwa kila kituo ambacho mzigo ulitua na kutwikwa tena, maana ilikuwa imebebwa kichwani, na aliyeibeba alikula njiani, na watemi waliokuwa na nchi njiani walitaka hongo yao. Pembe ilifuata mwendo wa kinyume, rahisi kule ilikotoka na ghali pale ilipopakiwa chomboni. Faida yote ya tijara ile ilikaa katika tofauti hiyo ya bei baina ya mahali na mahali. Laiti bei zingalikuwa moja, pasingalikuwako msafara hata mmoja.

Ushanga ulikuwa na ukaidi wake zaidi. Samesame, ule mwekundu, ulipendwa katika nchi nyingi, lakini huko Ujiji sokoni ulitumika ule uitwao sofi, na mtu aliyefika na rangi isiyotakiwa aliweza kulala na njaa huku amekalia mizigo ya mali. Na rangi hizo hazikudumu. Iliyotafutwa mwaka huu ilikataliwa mwaka wa pili, kwa shauri la wanawake wa mahali pale, wasioulizwa na mfanyabiashara yeyote wa Unguja wala wa Bombay. Nimesoma maelezo mengi ya wataalamu wa fedha kuhusu kushuka kwa thamani ya sarafu, na sidhani kama yapo yanayoshinda hayo kwa uwazi.

Pwani kwenyewe fedha iliyotumika ilikuwa reale: reale ya Sham, ambayo ni ile ya Maria Theresa iliyosubiwa Austria, na reale ya mzinga, ya Kihispania, iliyopata jina hilo kwa sababu nguzo mbili zilizochorwa juu yake zilionekana na watu wetu kuwa ni mizinga. Baadaye ikaja rupia ya Kihindi, na Seyyid Barghash, sultani wa Unguja, naye akatoa pesa zake za shaba zenye mwaka 1299 wa Hijra, sawa na 1882. Hesabu iliyozoeleka ilikuwa pesa 64 kwa rupia na pesa 136 kwa reale. Walakini mkulima wa Pemba aliyeuza karafuu kwa reale akanunua mchele kwa pesa alikuwa akipita mikononi mwa mvunja fedha, na kila mkono ulibakiza kitu. Mwaka 1872, mwezi wa Aprili, kimbunga kiliipiga Unguja kikaing'oa mikarafuu yake kwa maelfu, ilhali Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa. Karafuu ikapanda bei katika masoko ya dunia, na kisiwa ambacho kabla ya hapo kilihesabiwa cha pili katika zao hilo kikawa ndicho cha kwanza. Visiwa viwili vya sultani mmoja, vyenye bahari nyembamba katikati, vilipata kwa kimbunga kimoja bahati mbili zilizopingana.

Reli ndiyo iliyoanza kuzikurubisha bei za pwani na za bara. Ile ya Mombasa ilifika ziwani Kisumu mwaka 1901, na ile ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mpagazi akapoteza kazi yake, na nguo ya Tabora ikaacha kubeba chakula cha watu waliokuwa wakiibeba. Lakini reli ni ya mwenye kuitawala. Vita vya kwanza vya dunia vilipofika, majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalichukua nafaka, mifugo na vijana wa Ugogo, na mvua nazo zikakataa, ikawa njaa ile ambayo Wagogo huiita Mtunya, ya tangu 1917 hata 1920, katika nchi ambayo reli inapita katikati yake.

Baada ya vita hivyo ikaja fadhaa ya sarafu, nayo yafaa tuieleze kwa hesabu ili ieleweke. Kabla ya vita rupia ilikuwa sawa na shilingi moja na peni nne za Kiingereza. Madini ya fedha yalipopanda thamani, rupia ilipanda nayo mpaka ikafikia shilingi mbili na kupita, na serikali, kupitia Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwishoni mwa 1919, ikaifunga pale pale kwenye shilingi mbili. Ikatolewa florini, kisha shilingi ambayo imebaki kuwa jina la fedha yetu. Aliyekuwa na deni la rupia 100, yaani pauni sita na theluthi mbili, alijikuta ana deni la pauni kumi bila kukopa kitu. Walowezi wa Kenya, ambao wengi wao walikuwa na madeni ya benki, walipiga kelele, na baada ya kelele wakatafuta nafuu mahali palipo rahisi: mwaka 1921 walikusudia kupunguza ujira wa Waafrika kwa theluthi moja. Katika upinzani wa jambo hilo ndipo lilipojulikana jina la Harry Thuku, aliyekamatwa Machi 1922. Unguja na Pemba ziliendelea na rupia mpaka tarehe 1 Januari 1936, ilipobadilishwa kwa shilingi moja na nusu. Fungu la mchicha lililouzwa kwa pesa moja halikuwa na senti zake kamili, kwa kuwa pesa ile ilikuja kuwa senti mbili na kama theluthi ya senti. Na kila mwenye akili atajua ni upande gani hesabu ya namna hiyo huelekea inapokuwa mikononi mwa muuzaji.

Sasa twafika mahali ambapo fahirisi ya bei, yaani hesabu inayoizaa tarakimu ile ya mfumuko, ilizaliwa, na naomba msomaji aone kuwa haikuzaliwa kwa udadisi wa wanachuoni. Ilizaliwa kwa ugomvi wa mishahara. Vita vya pili vilipunguza nguo, mafuta na sukari, na Burma ilipotekwa na Wajapani mwaka 1942, mchele wa Rangoon uliokuwa chakula cha kila siku cha Waunguja ukakatika. Serikali ikaweka bei za amri na mgao, na mgao huo ukatazama kabila la mtu kabla ya kutazama tumbo lake, mmoja akastahili mchele na mwingine akaelekezwa kwenye mahindi na muhogo. Makuli wa bandari ya Mombasa, waliokuwa wamegoma mwaka 1939, waligoma tena pamoja na mji mzima mnamo Januari 1947. Dar es Salaam ikafuata mwaka huo huo, na Unguja mwaka 1948. Katika kila mji swali lilikuwa moja: je, ujira wa kuli watosha chumba, unga, kuni na kitambaa? Maofisa waliotumwa kulichunguza swali hilo hawakuwa na budi kuingia masokoni, kuorodhesha alichonunua mtu, na kukilinganisha na bei za kabla ya vita. Kwa hiyo zikatengenezwa fahirisi za gharama ya maisha. Lakini kwa kuwa dola yenyewe iliwagawa watu, fahirisi nazo ziligawanywa, kikapu cha Mzungu wa Nairobi kikahesabiwa mbali na kikapu cha mfanyakazi wa Kiafrika, kana kwamba vyote viwili havikutoka katika soko moja. Na zote zilikuwa fahirisi za miji mikubwa. Bei ya Newala au ya Kasulu haikumshughulisha mtu, kwa kuwa huko hakukuwa na kuli wa kugoma.

Uhuru ulikuta hali hiyo, na Tanzania, iliyoanza kutoa shilingi yake mwenyewe mwaka 1966 na ikatangaza Azimio la Arusha Februari 1967, ikakusudia jambo ambalo hakuna aliyelitenda kabla yake katika pande hizi: kuufuta umbali kwa sheria. Mwaka 1973 ilitungwa sheria ya kusimamia bei, ikaundwa Tume ya Bei ya Taifa, na mamia ya bidhaa, tangu saruji na mabati hata sabuni, khanga na betri za tochi, zikapangiwa bei ambayo kuizidisha kulikuwa kosa. Katika miaka hiyo hiyo mkulima wa mahindi alianza kulipwa bei moja popote alipo, awe karibu na kinu cha Dar es Salaam au awe Rukwa au Ruvuma, mwendo wa kilomita zaidi ya 900. Na mlaji naye akauziwa sembe kwa bei iliyopangwa, gharama ya malori ikaangukia Shirika la Usagishaji, ambalo watu waliliita NMC tu.

Ni rahisi leo kuyacheka hayo, na wengi huyacheka. Mimi naona kwamba kusudi lake lilikuwa la haki na lilieleweka na watu waliohusika. Mkulima wa Songea hakuchagua kuzaliwa Songea, na tangu zama za misafara umbali ulikuwa ukimtoza kodi mara mbili, auzapo na anunuapo. Kama stempu ya barua huuzwa kwa thamani moja nchi nzima, kwa nini jembe lisiuzwe hivyo? Na matokeo yake ya kwanza yalikuwa makubwa: Mbeya, Iringa, Rukwa na Ruvuma, zilizokuwa mbali na kila kitu, ziligeuka kuwa ghala la mahindi la taifa. Lakini mahindi yaliyo mbali yalihitaji dizeli na matairi, na dizeli na matairi yalihitaji fedha za kigeni, na fedha hizo zilipungua kwa ukame wa 1973 na 1974, kwa kupanda kwa mafuta ya petroli mara mbili katika muongo mmoja, kwa kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na kwa vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Mkulima wa Kilimanjaro aliyekuwa karibu na mpaka aliona bei yake ya amri ni ndogo kuliko ile ya upande wa pili, na magunia yakavuka usiku.

Aliyeishi miaka ile hana haja ya kuelezwa, ila wapo wengi waliozaliwa baadaye. Maduka ya watu binafsi yalikuwa yamebanwa, hasa tangu Operesheni Maduka ya 1976, na bidhaa zilipita kwa makampuni ya biashara ya mikoa, yaani RTC, zikafika kwa maduka ya ushirika, na mjumbe wa nyumba kumi akawa na orodha ya kaya zake. Habari ilipoenea kwamba sukari imefika, watu waliamka alfajiri, na asiyeweza kungoja aliweka jiwe lake katika foleni, au tofali, au kikapu kikuukuu, na jiwe hilo likaheshimiwa kama mtu; saa mbili asubuhi mbele ya mlango palikuwa na mstari wa mawe yasiyo na wenyewe, na ole wake aliyelisogeza la mwenzake. Unga wa mahindi ya njano uliotoka Marekani uliitwa Yanga, kwa rangi ya jezi za timu ya soka yenye jina hilo, na washabiki wa Simba waliula pia, kwa kuwa njaa haina klabu. Bei ilikuwa imebandikwa ukutani, halali na nafuu, ila bidhaa haikuwapo. Na kwa jirani, mlango wa nyuma, ilikuwapo kwa bei ya kuruka. Mtakwimu wa zama hizo alikabiliwa na swali ambalo fani yake haikumfundisha: aandike bei ipi, ile ya kisheria ambayo haikununua kitu, au ile ya magendo ambayo kuiandika ni kukiri kwamba serikali haitiiwi? Hata hivyo, fahirisi zilizotangazwa zilifikia ongezeko la zaidi ya asilimia 30 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, na kila mama wa nyumba alijua kuwa hizo ni za upande wa ukutani.

Mwaka 1983 Edward Sokoine, akiwa Waziri Mkuu, aliongoza vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi; watu wengi walikamatwa, wengine wakatupa usiku magunia ya sukari na maboksi ya sabuni wasije wakakutwa nayo. Zilikuwako dhulma katika vita hivyo, na zilikuwako furaha za kweli mitaani, na kifo cha Sokoine katika ajali tarehe 12 Aprili 1984 kiliwaliza hata wale waliokuwa wamepoteza mali. Lakini ulanguzi ulikuwa ni ule ule umbali na ule ule uhaba, vimerudi kwa njia ya nyuma, na mahakama haiwezi kuvihukumu. Mwaka huo huo wa 1984 ruzuku ya sembe iliondolewa, watu waliokuwa na fedha zao nje wakaruhusiwa kuagiza bidhaa, na huko Zanzibar, chini ya Ali Hassan Mwinyi aliyekuwa Rais wa visiwa kabla ya kuwa wa Muungano, milango ya biashara ikafunguliwa, na watu wa bara wakavuka bahari kwenda kununua. Dola ya Kimarekani iliyokuwa shilingi 17 ikawa shilingi 40 katikati ya mwaka 1986, na mwishoni mwa muongo ikakaribia 200. Tume ya Bei ikanyauka pole pole mpaka ikasahauliwa, na mfumuko ukatulizwa katika miaka ya 1990, ukashuka chini ya asilimia kumi kabla karne haijaisha.

Tangu hapo nafasi ya bei moja ya amri imechukuliwa na wastani mmoja wa hesabu, nao hauamrishi mtu, ila una mapungufu ya jamaa yake. Fahirisi ya bei za mlaji hutungwa kwa mizani, na mizani hiyo hutokana na utafiti wa matumizi ya kaya: katika ile iliyoanzia Septemba 2010 chakula na vinywaji visivyo na kilevi vilipewa asilimia 47.8 ya uzito wote, katika ile ya Desemba 2015 asilimia 38.5, na katika ile ya mwaka 2020 asilimia 28.2. Mteremko huo ni habari njema, kwa maana waonyesha nchi ambayo fedha ya watu haiishii yote jikoni. Kwa mtu ambaye fedha yake ingali inaishia huko, una maana nyingine: kila mizani inapofanywa upya, fahirisi humwakilisha pungufu zaidi. Desemba 2011 mfumuko ulipofika asilimia 19.8, chakula na nishati vikiwa vinara, mwenye mshahara wa Oysterbay na mwenye kibarua wa Manzese walitangaziwa tarakimu moja, ingawa walipatwa na mambo mawili. Kenya, ambayo mwezi mmoja kabla yake ilifikia asilimia 19.7, huigawa Nairobi kwa kipato, cha chini, cha kati na cha juu, kisha huweka sehemu nyingine zote za nchi katika fungu moja. Tabaka limekaa mahali ambapo zamani palikaa rangi ya mtu, na Lodwar na Malindi zimelala kitanda kimoja. Zanzibar ina Mtakwimu Mkuu wake na fahirisi yake, ambamo mchele wa Mbeya na mchele wa mapembe, ule wa bei ya chini, huhesabiwa kila mmoja peke yake, kwa kuwa mtu wa soko la Darajani anayetoka katika huu akaingia katika ule amekwisha kusema yote juu ya hali yake.

Lipo, hata hivyo, jedwali moja la serikali ambalo limeurudia ukweli wa misafara. Tangu Januari 2009 mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa, na siku hizi hutolewa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Bei hizo hutajwa kwa mji na kwa wilaya, zikianzia bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, na kila mji ulio mbali huongezewa nauli ya lori linaloufikishia mafuta, mpaka mtu akifika katika safu za Kigoma na Kagera hukuta zile zilizo ghali kuliko nyingi. Mwenye kituo hulazimishwa kuibandika bei ya mji wake mahali paonekanapo na kila dereva. Dola iliyomfunga mwenye duka kwa kuongeza nauli juu ya mche wa sabuni sasa huipigia hesabu nauli hiyo yenyewe, shilingi kwa shilingi, mji kwa mji, ikaichapa na kuitia muhuri. Na dereva wa Kasulu, aisomapo, hajauliza hata siku moja kwa nini yake si sawa na ya Dar es Salaam.